Nimepoteza hesabu ya Yaa Razzaaq, na naogopa kuacha

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, nakaa Tanga. Kazi yangu ni vitumbua na chai ya asubuhi. Naamka saa tisa usiku kushughulikia unga na moto, na ikifika saa kumi na mbili na nusu wateja wangu, vijana wa bodaboda na walimu, wameshakaa barazani wanasubiri. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mwaka jana likayumba, akaenda kukopa kwa hawa watu wa kausha damu bila kuniambia. Nilikuja kujua siku walipokuja kubeba friji.

Nikahangaika. Shoga yangu akaniunganisha na kundi la WhatsApp la mafunzo ya Asmaul Husna, majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, kila siku jina moja na maana yake. Mwanzo nilifaidika sana, nilikuwa nasikiliza huku nakaanga. Halafu ustadh anayeliendesha akanifuata pembeni. Akaniambia amelipigia hesabu jina langu na la mama yangu, riziki yangu imefungwa, na ufunguo wake ni kusema Yaa Razzaaq, Ewe Mwenye kuruzuku, mara 308 baada ya Alfajiri na 308 baada ya Isha, siku arobaini mfululizo, bila kukosea hata moja na bila kukatisha. Ijaza, yaani ruhusa ya kuusoma uradi huo, shilingi elfu hamsini. Nikatuma.

Siku ya kumi na moja nikaingia hedhini. Nikamuuliza, akasema uradi umekatika, nianze upya, na ijaza inahuishwa kwa elfu hamsini nyingine. Mpaka leo nimelipa mara tatu. Pesa ya mara ya pili na ya tatu niliitoa kwenye kikoba chetu cha akina mama. Mimi ndiye mweka hazina. Mume wangu hajui, wenzangu hawajui.

Lakini Bi Mshauri, kinachonitisha zaidi si pesa, ni hesabu. Nikifika mia mbili na kitu moyo unaniambia umeruka moja, narudi mwanzo. Kuna siku nilirudi mara sita, jua likatoka, unga ukaumuka mpaka ukafurika sufuria, wateja wakaenda kwa jirani. Sasa hata nisipokuwa kwenye msala nahesabu: nahesabu vitumbua, nahesabu hatua za kwenda bombani. Zamani Alhamdulillah ilikuwa inanitoka yenyewe. Siku hizi nikisikia jina la Mwenyezi Mungu moyo unanienda mbio, kama mtu aliyesikia hodi ya mdai.

Tasbihi ya marehemu mama yangu, ya punje 99, nimeificha kabatini chini ya khanga, sitaki kuiona. Mama alikuwa akivuta uradi kila baada ya Alasiri, na mara nyingi tulimkuta kasinzia nayo mkononi.

Mwanangu mkubwa ananiambia tasbihi yenyewe ni bidaa, niitupe. Ustadh ananiambia nikiacha katikati uradi utanigeukia na watoto ndio watakaodhurika. Nimsikilize nani? Siku zangu za hedhi nifanyeje? Na tasbihi ya mama niiweke wapi?

Mama Vitumbua, Tanga

*

Waalaykumu ssalaam warahmatullah, mwanangu.

Naanza na la hedhi, maana ndilo lililonionyesha mtego ulivyotegwa. Siku arobaini mfululizo, mwanamke wa miaka 37, bila kukatisha kwa hedhi. Hebu ipige hesabu hiyo kwanza kabla ya ile ya 308. Aliyekuwekea sharti hilo ama hajapata kuishi nyumba moja na mwanamke, ama anajua vizuri kabisa kwamba utakatisha, na kila ukikatisha kuna elfu hamsini inaingia kwenye simu yake. Mimi nimeegemea hilo la pili.

Na sharti lenyewe halina asili. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimdhukuru Mwenyezi Mungu katika hali zake zote. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa pwani hatuwezi kumkwepa, ameeleza kwamba wanazuoni wamekubaliana: mwenye hedhi na mwenye janaba wanaruhusiwa tasbihi, tahlili, takbiri na dhikri nyinginezo. Waliyokhitalifiana ni kusoma Qur'ani, si kutaja majina ya Mola wao. Kwa hiyo ile siku ya kumi na moja hakikukatika kitu. Ungeendelea kusema Yaa Razzaaq huku umejifunga khanga yako ya nyumbani, ukasikilizwa.

Sasa hiyo 308. Amekuambia ni siri, nami naitoa hapa hadharani. Inaitwa hesabu ya abjadi: kila herufi ya Kiarabu imepewa thamani yake. Raa ni 200, zay ni 7, alifu ni 1, qaf ni 100. Jumlisha, ndiyo Razzaaq yako. Lichukue jina Latwiif: lam 30, twaa 9, yaa 10, faa 80, inakuja 129. Mtoto wa madrasa aliyepewa jedwali la herufi anaweza kukutolea hesabu ya majina yote mchana mmoja, na malipo yake akaridhika na kashata. Hakuna aliyekaguliwa nyota hapo, wala mama yako marehemu hakuhusika.

Niseme haki. Wako masheikh wa kweli wa njia za dhikri wanaotumia idadi hizi kwa wanafunzi wao, na sitawatukana. Tanga na Unguja zimejaa watu waliolelewa na zikri za Kadiria, njia ambayo Sheikh Uweis wa Barawa aliieneza sana mwishoni mwa karne ya 19. Lamu na Mombasa mpaka leo kuna nyumba ambazo hazilali bila kusoma Ratib, ule mkusanyiko wa dua na dhikri, ya Imamu Haddad wa Tarim, Yemen. Lakini ijaza kwa watu hao ni mwalimu kumpa mwanafunzi anayemjua: amekaa naye, amemsikia anavyotamka, anajua akila anakula nini na akiumwa anaumwa wapi. Anampa uradi kwa kadiri ya mabega yake. Akimwona umemzidi, anampunguzia. Ijaza inayokwisha muda kama vocha ya simu mimi sijaisikia kwa mwalimu yeyote wa maana.

Na hicho kitisho cha uradi kukugeukia, mwanangu, hicho ndicho kilichonikasirisha. Jina la Mwenyezi Mungu halimng'ati aliyelitaja. Surat At-Tawba, aya ya 51, tumefundishwa kusema halitatusibu ila alilotuandikia Mwenyezi Mungu. Watoto wako hawapo rehani kwa mtu mwenye simu. Mtu anayekwambia acha kunilipa uone, huyo hana tofauti na wale waliobeba friji yako, isipokuwa wale wa friji walikuja mlangoni ukawaona sura.

Nikae kidogo kwenye hesabu, maana ndiyo iliyokuumiza.

Bibi Juwayriya, mmoja wa wake wa Mtume, alibaki kwenye msala wake baada ya Swala ya Alfajiri. Mtume akatoka kwenda zake, akarudi jua limepanda, akamkuta bado ameketi palepale. Akamuuliza kama bado yuko katika hali ile aliyomwacha nayo. Akasema ndiyo. Basi Mtume akamwambia kwamba baada ya kuachana naye amesema maneno manne mara tatu, nayo yakipimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi, yatayazidi. Maneno yenyewe ni haya: *Subhaanallahi wa bihamdihi, adada khalqihi, wa ridhaa nafsihi, wa zinata arshihi, wa midaada kalimaatihi.* Yaani ametakasika Mwenyezi Mungu na sifa njema ni zake, kwa idadi ya viumbe vyake, kwa kiasi cha kuridhika kwake, kwa uzito wa Arshi yake, kwa wino wa maneno yake. Ni hadithi ya Muslim.

Tazama hilo neno *adada khalqihi*, kwa idadi ya viumbe vyake. Nani anayeijua idadi hiyo? Samaki wa bahari nzima ya Hindi, majani ya mkonge kuanzia Muheza hadi Korogwe, punje za mchele uliousaga jana. Wewe unasema neno moja, hesabu anaishika Yeye. Na huyo mama aliyekaa juu ya msala wake tangu alfajiri hakugombezwa, wala hakuambiwa kazi yake imeharibika. Alipewa njia pana zaidi.

Idadi zipo katika Sunna, sikatai. Baada ya Swala tuna 33, 33 na 33. Wakati wa kulala tuna zile alizopewa Bibi Fatma alipokwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, mikono imemchubuka kwa kusaga. Akafundishwa, yeye na mumewe Ali, waseme Subhaanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34 wanapoingia kitandani, na kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Wewe mwenye vidole vilivyoungua mafuta utaielewa hadithi hiyo kuliko mimi. Lakini hujasoma popote kwamba Bibi Fatma akisinzia kwenye ya ishirini aamke aanze upya.

Basi dawa yangu kwako ni hii, na uishike kama ungeishika ya daktari. Kwa mwezi mmoja weka chini kila uradi wenye idadi kubwa. Zile 33 za baada ya Swala zisome kwa vidole, na ukipotea, sogea mbele. Kurudi nyuma kwako ni marufuku. Moyo ukikwambia umeruka moja, uambie sawa, nimeruka, na uende kukanda unga. Wanazuoni wamemshauri mtu aliyeshikwa na wasiwasi asiusikilize, kwa kuwa kila akiusikiliza unanenepa. Utatetemeka siku tatu nne za mwanzo. Vumilia. Mwezi ukiisha na bado unahesabu hatua za bombani, nenda hospitali ya mkoa uulizie kitengo cha afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ugonjwa wa kurudia-rudia hesabu unajulikana na una tiba. Haukufanyi kuwa mwenye imani haba, kama vile presha haimfanyi mtu kuwa na imani haba.

Dhikri isiyo na idadi utaifanyia palepale jikoni. Qur'ani, Surat Aal Imran, inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala ubavu. Aliyechuchumaa mbele ya mkaa naye yumo. Ukimimina unga kwenye chuma, Bismillah. Kikigeuka vizuri, Alhamdulillah. Kikiungua, sema hivyo hivyo, au nyamaza tu. (Na usihesabu mashimo ya chuma. Nimeshakujua.)

Kuhusu majina yenyewe, nasikitika ulianza vizuri ukaja kutolewa njiani. Lile darasa la jina moja na maana yake kwa siku ndilo hasa. Aya ya 180 ya Surat Al-A'raf inasema Mwenyezi Mungu ana majina mazuri, basi muombeni kwayo. *Muombeni*: yaani mtu ana haja, anamwita Mola wake kwa jina linalolingana na haja hiyo, kisha anaitaja haja yenyewe kwa lugha yake. Wewe ulikuwa unalisema jina mara 616 kwa siku, na barua yako haina mahali ulipomwambia Mwenyezi Mungu kwamba friji imeondoka na ada ya mtoto haijalipwa. Mwambie. Kiswahili anakisikia, hata Kidigo na Kibondei.

Hadithi ya majina 99, mia kasoro moja, na kwamba atakayeyadhibiti ataingia Peponi, ni ya Bukhari na Muslim. Ila orodha ile tunayoiimba madrasa imekuja katika riwaya ya Tirmidhi, na wahakiki wengi wa hadithi wameona imeongezwa na wapokezi. Tena katika dua iliyopokewa na Ibn Mas'ud, Mtume anaomba kwa kila jina la Mwenyezi Mungu, hata lile alilolibakisha kwake katika elimu ya ghaibu. Kama yapo majina ambayo hakuna kiumbe anayeyajua, huyo ustadh funguo zote amezipata wapi?

Razzaaq katika Qur'ani limekuja mara moja tu, Surat Adh-Dhaariyat aya ya 58. Ningekuongezea mawili yanayotajwa pamoja: Al-Qaabidh na Al-Baasit, Mwenye kubana na Mwenye kukunjua. Asili yake ni aya ya 245 ya Al-Baqara. Wanazuoni wengi wameona yasitenganishwe, kwa kuwa ukilisema la kwanza peke yake umesema nusu. Mwaka huu nyumba yako iko kwenye kubanwa. Aliyebana ndiye huyohuyo mwenye kukunjua. Hakuna wa tatu kati yenu anayeshika komeo. Mimi nilipofiwa na mzee wangu, hayo mawili ndiyo niliyoyasema miezi mingi, na wala sikumbuki mara ngapi.

Na riziki ulikuwa unaitafuta kwa Razzaaq huku umewaacha wateja barazani! Ndege katika ile hadithi ya Sayyidna Umar, ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Hutoka. Chungu cha chai kikitoka saa kumi na mbili na nusu, hicho ni sehemu ya uradi wako.

Sasa ya fedha, niyaseme haraka kwa kuwa unayajua. Pesa ya kikoba ni amana. Laki moja hiyo irudi kabla ya jambo jingine lolote, na uwaambie wenzako kabla hawajaifungua daftari wenyewe. Mwambie mwenyekiti kwanza, faragha, upeleke na kiasi cha kuanzia hata kama ni elfu kumi, na ukubali kuuachia uweka hazina. Utaona aibu. Ukisubiri mgao wa mwisho wa mwaka aibu itakuwa ya mtaa mzima.

Mumeo naye ajue. Chagua usiku watoto wamelala, usianze na friji. Yeye alikopa kwa siri, wewe ulitoa kwa siri. Hapo hakuna wa kumnyooshea mwenzie kidole, na huenda hilo ndilo litakalowakalisha mkeka mmoja mkaandika madeni yote kwenye karatasi moja.

Ustadh usimjibu wala usibishane naye. Ujumbe wake wote uhifadhi, halafu mumeo au kaka yako aupeleke kwa imamu wa msikiti wenu au sheikh wa kata, na ikibidi polisi, kwa sababu kutisha watu na kuchukua pesa zao ni kosa hata kama aliyelifanya kavaa kofia ya vito. Kwenye lile kundi hukuwa peke yako uliyefuatwa pembeni. Naweka hilo mbele yako kwa ajili ya shoga yako.

Kijana wako mwambie nimemsalimu. Kuhesabu kwa vidole ni bora, hapo yuko sahihi. Mtume aliwaambia wanawake wahesabu kwa ncha za vidole, maana vitaulizwa na vitatamkishwa. Lakini zipo pia riwaya za waliohesabu kwa kokwa za tende na vijiwe, na wanazuoni wengi hawakuona ubaya wa uzi na punje. Kwa hiyo akisema vidole ni bora, mkubalie. Akisema tupa kitu cha bibi yake, mwambie akateke maji.

Imebaki tasbihi ya mama. Umeniandikia mwenyewe kwamba mara nyingi mlimkuta amesinzia nayo mkononi. Kwa hiyo siku nyingi hakumaliza. Hukuandika kwamba aliamka akiwa na hofu, wala kwamba nyumba yenu iliingia mkosi. Aliamka akaswali Magharibi, nadhani, akapakua chakula.

Itoe kabatini ukishakuwa tayari, hata kama ni baada ya huo mwezi. Itundike karibu na msala, usiivute, ikae tu uizoee tena. Na uikague uzi: za zamani nyingi zilitungwa kwa pamba, huoza kwa jasho la mkono. Ukiona umelegea, itungue mwenyewe kabla haijakatika punje zikaingia uvunguni, utunge upya kwa nailoni ile ya mishipi ya wavuvi. Pale sokoni huuzwa kwa kipande.